Kupachika si Kurejelea

Sisi wapenzi wa Kiswahili tumezoea kuipima istilahi kwa mvuto wa sauti na usanifu wa mofolojia yake. Ni nadra kuuliza iwapo inamwezesha mtumiaji kutenda kazi yake. Nitatoa mfano mmoja kutoka uwanja wa tarakilishi.

Anayeunda programu haandiki kila kitu upya. Huazima msimbo uliokwisha kuandikwa na kuhifadhiwa katika mkusanyiko uitwao maktaba. Njia za kuuazima ni mbili. Ya kwanza ni kunakili msimbo unaohitajika na kuutia ndani ya programu yenyewe, mithili ya mwanafunzi anayetoa nakala za kurasa za kitabu na kuzijalidi pamoja na tasnifu yake. Ya pili ni kutaja jina la maktaba tu. Programu inapoanzishwa, mfumo huitafuta maktaba hiyo na kuzikutanisha, hivyo nakala moja huhudumia programu nyingi. Njia zote mbili tunaziita "kuunganisha". Hapo ndipo lilipo kosa letu.

Mnamo Machi 2002, hitilafu ya kiusalama ilitangazwa katika zlib, maktaba mashuhuri ya kubana data. Palipotumika maktaba ya pamoja, ilitosha kuweka toleo la 1.1.4 na kuanzisha upya programu zilizoitegemea. Programu zilizobeba nakala ndani mwake zilibaki hatarini hadi kila moja ilipoundwa upya. Fundi aliyeambiwa tu kwamba programu "imeunganishwa" na zlib angejuaje la kufanya?

Wapo watakaodai kuwa njia ya pili ina kasoro: maktaba ikibadilishwa vibaya, programu zote zinazoitegemea huanguka. Ni kweli, na ndiyo sababu katika Linux jina la maktaba hubeba nambari ya toleo, kama vile libz.so.1. Lakini hoja hiyo yazidi kuthibitisha kwamba mambo haya mawili yahitaji majina mawili.

Napendekeza "kupachika" kwa njia ya kwanza na "kurejelea" kwa njia ya pili. Si maneno mageni kwetu. Tunayatumia kila siku katika isimu na uandishi wa tasnifu. Mwenye pendekezo bora na alilete. Ila tusiendelee kutunga orodha ndefu za istilahi kabla ya kuketi na mafundi wanaozihitaji. Kuuliza si ujinga.