Kusi, Kaskazi na Siku za Kungoja

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Ikonge, katika vilima vya chai vya Nyamira, hutaja pepo mbili kuu za Bahari ya Hindi kila uchao bila ya kujua. Kaunti yake ina Nyamira Kaskazini na Nyamira Kusini. Na kaskazini si kitu kingine ila upande inakotoka kaskazi, kama kusini ilivyo upande inakotoka kusi. Upepo ndio ulioupa upande jina. Kwa hiyo, kumfasilia mwanafunzi huyo kwamba kaskazi ni “upepo utokao kaskazini” ni kumzungusha tu na kumrudisha alipokuwa. Anachohitaji kujua ni miezi ya upepo huo, nguvu zake, na siku ambazo chombo kilichukua kufika kilikokuwa kikienda.

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ndiyo iliyoteremsha vyombo kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi huingia Aprili ikavirudisha, lakini kati ya Juni na Agosti huwa kali mno hata mabaharia wa tanga wakaihofu bahari kuu. Hulegea tena katika demani. Baina ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, ambapo upepo hauna msimamo na nahodha hana la kufanya ila kusubiri.

Tofauti ya msimu na msimu haikuwa ndogo. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo. (Dai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid lingali likirudiwarudiwa, ingawa wataalamu wengi hawalikubali tena.) Alitia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Ni siku 26 kwa safari ya maili za baharini zipatazo 2,300, yaani karibu maili 90 kwa siku. Wakati wa kurudi hakuingoja kaskazi. Aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, wakati wa shwari na pepo za mbisho, akaiona pwani ya Somalia tarehe 2 Januari 1499. Siku 89 kwa maili zisizofikia 2,000! Mabaharia wapatao 30 walikufa njiani, wengi kwa kiseyeye, na baada ya kuondoka Malindi ilibidi meli ya São Rafael ichomwe moto kwa kukosa watu wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ileile na meli zilezile. Kilichobadilika ni mwezi.

Hapa ndipo masomo yetu ya historia ya Kiswahili yanapopungukiwa. Vitabu vingi hutaja “pepo za msimu” kwa sentensi moja: ziliwaleta wafanyabiashara. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Pepo hizo ziliwaleta, kisha zikawazuia. Aliyefika Januari hakuweza kurudi kwao hadi Aprili. Na aliyechelewa kuwahi mwanzo wa kusi alikaa hadi ukali wake upite, Agosti au Septemba. Kwa sababu kaskazi haikutegemewa sana kusini ya Kilwa, aliyetaka dhahabu ya Sofala hakuweza kwenda na kurudi Arabuni katika msimu mmoja. Hilo ni miongoni mwa mambo yaliyoitajirisha Kilwa. Mtu aliyekwama miezi mitatu hupanga nyumba, hukopa, huoa, hugombana na kupatana. Mambo hayo hayafanyiki kwa ishara za mikono. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani uitwao Periplus, wa karne ya kwanza, tayari unawataja manahodha wa Kiarabu waliooa katika pwani hii na kuielewa lugha ya wenyeji.

Isidhaniwe kwamba hoja hii inafufua dai la kale kuwa Kiswahili ni zao la mgeni. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na sarufi yake haikushuka na jahazi lolote. Mgeni ndiye aliyelazimika kujifunza, naye akaacha maneno. Miongoni mwayo ni “msimu” lenyewe, kutoka Kiarabu “mausim”, neno ambalo Wareno nao walilichukua na kulieneza Ulaya.

Wenyeji nao walikuwa na hesabu yao. Kalenda ya Kiislamu hupungua siku 11 hivi kila mwaka, hivyo haiwezi kuufuata upepo. Mabaharia na wakulima wa pwani walitumia mwaka wa jua, kuanzia Nairuzi, wakazigawa siku zake katika miongo ya siku kumi kumi. Leo “mwongo” umekuwa miaka kumi, na mihadhara ya fasihi hupita juu ya maneno hayo kana kwamba ni pambo la mandhari. Shairi la pwani likitaja kusi, mwanafunzi huandika “taswira” na kuendelea. Aulizwe kwanza: kusi ya Aprili, ya kumrudisha mtu kwao, au ya Julai, ya kumzuia?

Mashine zimechukua nafasi ya matanga katika safari nyingi, na wazee waliosafiri kwa tanga wanapungua. Vyama vya wanafunzi huandaa ziara za Lamu, Mombasa na Unguja, na aghalabu hurudi na picha. Ziara moja tu ingetosha kuanza kukusanya majibu ya wazee hao, kwa maneno yao wenyewe: chombo kiling’oa nanga mwongo wa ngapi, kilifika siku ya ngapi, na upepo ulipokataa, nahodha alikaa kwa nani?