RISASI ISIYOLIA

Wazazi wapenzi, mkisikia neno "risasi", mara mnafikiri bunduki. Leo nataka tuzungumze juu ya risasi nyingine, isiyo na mlio. Ni yale madini yenyewe, laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Yamo ndani ya betri za magari na nyingi za umeme wa jua, na wavuvi huyafanya chubwi. Yamekwisha kuingia vijijini, na wengi hawajui kuwa ni sumu.

Pengine utasema: "Betri yangu kuukuu iko nyuma ya nyumba mwaka wa tano sasa, wala hajafa mtu." Ndiyo, ndugu yangu. Lakini sumu hii si kama ya nyoka. Betri ikivunjwa au ikiyeyushwa, huingia mwilini kidogo kidogo kwa vumbi na moshi, ikapita katika damu, kisha ikajificha mifupani kwa miaka mingi.

Sikilizeni habari ya Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa humo. Baadaye mwanawe mdogo akaugua, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama yule hakunyamaza. Akawakusanya majirani, wakadai haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikaithibitisha hukumu hiyo. Lakini ni fedha gani itakayomrudishia mtoto akili aliyopokonywa?

Wala msifikiri hatari iko viwandani tu. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar katika nchi ya Senegali, watu walivunja betri kwa mikono yao, wakachekecha na mchanga uliojaa risasi ili wapate cha kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Waliokuwa wakichekecha walikuwa wakitafuta chakula cha watoto hao hao.

Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto hutambaa chini na kutia mikono kinywani. Tena risasi inayomezwa huingia katika damu yake mara nne au tano kuliko ya mtu mzima, na ubongo wake ungali unajengwa. Huumwa tumbo, hukosa choo, hukataa chakula, hupungukiwa damu. Ikizidi, hushikwa na degedege, huzimia, hata kufa. Lakini mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, ila huwa mzito wa kujifunza na mwepisi wa hasira. Mwalimu husema ni mvivu, na baba huchukua fimbo. Kumbe huenda mtoto hana kosa!

Watu wazima nao hawakuachwa. Huumwa tumbo, kichwa na viungo. Damu hupanda shinikizo, figo huharibika. Mama mwenye mimba huweza kuipoteza, maana risasi iliyolala mifupani mwake tangu zamani hutoka ikamfikia mtoto tumboni.

Basi tufanyeje? Usivunje betri wala kuiyeyusha nyumbani. Iuze nzima kama ilivyo, na ikingoja mnunuzi, iwe mbali na watoto na kisima. Chubwi usiiyeyushie jikoni wala katika sufuria ya chakula, na mtoto asiichezee. Wewe baba unayefanya kazi ya betri, nawa, oga, badili nguo kwanza, ndipo umpakate mwanao. Na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mama, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usitimue vumbi kwa ufagio mkavu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Wape maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa, kwa kuwa mwili wenye njaa hunyonya sumu hii zaidi.

Ukiwa na mashaka, mwondoe mtoto kwanza penye vumbi hilo, kisha mpeleke hospitali, umweleze daktari waziwazi juu ya betri. Risasi hujulikana kwa kupima damu. Ipo dawa ya hospitali ya kuitoa mwilini ikiwa nyingi, lakini ubongo uliokwisha kudhurika mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako. Tazama nyuma ya jiko, chini ya uvungu, pale watoto wanapochezea. Ukiikuta betri kuukuu, usingoje kesho kuiondoa.

Kwaherini hadi juma lijalo.