Kutetewa Bila Kuulizwa

Chuki dhidi ya Wayahudi ni dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliilaani waziwazi mwaka 1965, katika tamko Nostra Aetate. Wala haijafa: tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliwaua waamini 11 katika sinagogi mjini Pittsburgh, Marekani.

Ndiyo maana twasikitika kuona shutuma nzito namna hiyo ikigeuzwa rungu la wanasiasa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti za Chuo Kikuu cha Harvard, ikidai kuwalinda Wayahudi. Hatusemi chuo hakikuwa na lawama. Kamati yake chenyewe ilikiri kwamba wanafunzi Wayahudi walitendewa vibaya. Lakini mwezi Septemba hakimu wa shirikisho huko Boston aliona kuwa ulinzi huo ulikuwa kisingizio. Tangu Aprili, baadhi ya madhehebu makubwa ya Kiyahudi yalikuwa yamekwisha kukataa kwa tamko la pamoja usalama wao utumike kuvunja haki za wengine.

Vijijini mwetu twawajua wadaio shamba kwa jina la yatima: mavuno hula wao, uadui wa majirani humwangukia yatima. Utafiti ukisimama, wapo watakaonong'ona, "Ni kwa ajili ya Wayahudi." Naye Myahudi aikosoaye serikali ya Israeli huitwa msaliti wa watu wake. Baya zaidi, siku sinagogi litakaposhambuliwa tena, wasikilizaji watakuwa wamechoka. Na wenye chuki halisi, kila washutumiwapo, watajibu kwamba hiyo ni siasa tu.