Tairi Lichaguliwe kwa Njia, Si kwa Sura

Mwenye pikipiki atokaye Tanga kwenda Amani hupita kwanza lami ya Muheza, kisha hupanda Usambara Mashariki, ambako masika huugeuza udongo mwekundu kuwa utelezi. Wengi hudhani kuwa tairi lenye kashata kubwa ni bora popote. Dhana hiyo si sahihi. Kashata kubwa zilizoachana huuma udongo na kutema tope. Lakini juu ya lami iliyolowa, mpira unaogusa barabara ni mchache, na pikipiki huchelewa kusimama.

Upepo nao una hesabu yake. Gurudumu lililobeba niutoni 1,600 kwa kanieneo ya paskali 200,000 hugusa ardhi kwa takriban sentimita za mraba 80. Kanieneo ikishuka hadi 160,000, eneo huwa 100. Ndiyo sababu upepo ukipunguzwa, mchanga wa pwani ya Pangani hupitika. Penye mawe, hata hivyo, rimu hugonga na mpira wa ndani hupasuka.

Basi tairi lichaguliwe kwa sehemu mbaya kuliko zote njiani, na penye lami mwendo upunguzwe. Walimu waifundishe kanieneo kwa pikipiki iliyo nje ya darasa, kwani wanafunzi wapakiwao juu yake huitegemea hesabu hiyo.