Nilipiga msasa jasho la mjomba

Juzi niliweka video ya gitaa ya umeme iliyoundwa kwa mkono Marekani, Telecaster ya mtindo wa miaka ya 1950, rangi imechubuka kila pembe. Bei yake inapita nusu milioni ya Kenya. Komenti ya kwanza: "Nusu milioni na imekwaruzwa? Si ununue ng'ombe." Ya pili: "Mjomba wangu ako na moja imechoka hivyo hivyo, wacha niipige msasa niipake rangi nikuletee." Ile ya ng'ombe nilicheka mpaka nikamtumia mamangu. Ya pili ilinichoma, na nitafika hapo.

Tuanze na ng'ombe. Gitaa yenyewe si yangu, nisije nikaombwa mkopo. Ni ya jamaa mmoja wa studio hapa Nairobi ambaye alinipa dakika arobaini nayo, akisimama karibu kama mama mzazi hospitalini. Na enyewe, ukiishika ndio unaelewa bei. Shingo haina ukali popote. Kidole kinateleza kutoka juu mpaka chini kama mtu amekutangulia kupita hiyo njia mara elfu. Hiyo kazi haifanywi na mashine peke yake. Kuna mtu alikaa na hiyo mbao, akaipapasa, akatoa kidogo, akaipapasa tena, akaamua imetosha. Unalipia huyo mtu kuamua.

Na hii desturi haikuanza na mafundi wa kifahari. Leo Fender alikuwa fundi wa redio mji wa Fullerton, California. Chuoni alisoma uhasibu, umeme alijifunza mwenyewe, na gitaa hakujua kupiga. Soma hiyo tena. Mtu aliyetengeneza gitaa maarufu kuliko zote alikuwa hawezi kukupigia hata wimbo wa kanisani. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, na najua kuna mzazi anasoma hapa akingoja nimtumie Leo kama mfano. Tulia mzee, leo sio hiyo story.)

Mwaka wa 1950 akatoa gitaa ya ubao mzima, haina tumbo la uwazi kama zile za kawaida, akaiita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba jina linafanana na la ngoma zao, kwa hivyo 1951 likabadilishwa kuwa Telecaster. Katikati hapo kiwandani walikuwa wanakata tu lile jina kwenye stika ili wasitupe stika, na gitaa zikatoka zimeandikwa Fender basi. Leo wakusanyaji wanazitafuta hizo zisizo na jina kama dhahabu. Mtu alikuwa anaokoa stika tu!

Washindani waliicheka, wakaifananisha na kasia la mtumbwi. Kwa macho ya fundi wa gitaa wa wakati huo walikuwa na haki. Fundi wa kweli alikuwa anaunganisha shingo na mwili kwa gundi, kiungo kimechongwa kwa ustadi. Leo akaifunga na skrubu nne. Ni akili ya mtu wa redio: kitu lazima kifunguke, ndio siku kikiharibika mtu akitengeneze. Shingo ikipinda, unafungua, unaweka ingine, unarudi kazini jioni. Ile gitaa ya Eric Clapton iliyoitwa Blackie ilitokana na Stratocaster tatu za zamani, alizifungua akachukua kizuri cha kila moja. 2004 iliuzwa kwa mnada dola 959,500. Gitaa ya vipande, wasee.

Sasa watu wakitaja gitaa za zamani wanataja Leo na Clapton. Mimi nawapenda zaidi wale ambao majina yao unayapata ukifungua skrubu. Miaka ya 50 kulikuwa na mfanyakazi anaitwa Tadeo Gomez, kazi yake ilikuwa kuchonga shingo. Akimaliza anaandika TG kwa penseli na tarehe, mahali ambapo shingo inaingia kwenye mwili. Hapo haionekani na mtu yeyote mpaka afungue. Na kulikuwa na Abigail Ybarra, aliyeingia Fender 1956 akaja kuwa malkia wa pikapu.

Pikapu si ile ya kubeba mahindi. Ni sumaku chini ya nyuzi, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, waya unapata umeme kidogo, huo umeme ndio unaenda kwa amplifaya na kuwa sauti. Abigail alikuwa anauongoza waya kwa vidole wakati mashine inazunguka. Kwa sababu ni vidole, waya haulali kwa mistari iliyonyooka kama ya kiwandani, na hakuna pikapu mbili zinazofanana kabisa. Alifanya kazi hapo mpaka 2013. Alipostaafu, kazi ikachukuliwa na Josefina Campos, ambaye alikuwa amekaa naye akajifunza. Miaka hamsini na zaidi kwenye vidole vya mtu mmoja, na alipoondoka havikuondoka na siri. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya desturi. Mambo ya laka gani na mbao gani, kuna watu watabishana mpaka stima zipotee, na nusu ya hizo hoja naona ni kelele.

Leo aliuza kampuni kwa CBS mwaka wa 1965, dola milioni 13. Kiwanda kikapanuka, na baada ya muda wapigaji wakaanza kusema zile za kabla ya hapo zilikuwa bora. Hapo ndipo ilizaliwa hii biashara yote ya kuunda upya za zamani. Kuna Mhispania, Nacho Baños, alizipenda Telecaster za mwanzo hadi akazichunguza moja baada ya nyingine, akachapisha kitabu kizima mwaka wa 2005, The Blackguard, kisha akaanza kuunda zake kwa mtindo uleule. Mtu wa hivyo nampa heshima zangu zote. Fundi anayekaa miaka kujifunza jinsi mkono wa mwingine ulivyofikiria, anastahili hiyo bei, na kama huna hiyo pesa (mimi sina) angalau usimcheke.

Shida yangu ni mikwaruzo.

1995 Fender walianza kuuza gitaa mpya zilizochakazwa kwa makusudi. Zinachubuliwa rangi, vyuma vinafanywa vipate kutu, mbao inatiwa doa la mkono ambao haujawahi kuigusa. Sasa kila mtu anafanya. Kuna Rory Gallagher, Mwairishi, alinunua Stratocaster ya 1961 pale Cork mwaka wa 1963 kwa pauni 100, pesa nyingi sana kwa kijana. Iliwahi kuibwa, ikapatikana imetupwa mtaroni imenyeshewa. Akaipiga miaka thelathini, jasho lake likala rangi mpaka gitaa ikabaki karibu mbao tupu. Unaweza kununua nakala yake kutoka kwa Fender wenyewe, imechubuliwa palepale ilipochubuka ya Rory. Kila doa. Unalipia jasho la mtu mwingine lililochorwa.

Nikisema ni uongo wote nitakuwa nimedanganya, juu ile ya studio pia ilikuwa imechakazwa na shingo yake ndiyo nimewasifia hapo juu. Kulainisha ukingo wa shingo kunasaidia mkono. Hiyo naikubali. Lakini kovu la mshipi mgongoni linasaidia nini? Alama ya sigara kwa kichwa cha gitaa ya mtu ambaye havuti?

Sasa ya mjomba.

Mjomba wangu, ndugu ya mamangu, alipiga gitaa kwa bendi ndogo huko Homa Bay miaka ya themanini na tisini. Benga. Harusi, matanga, mikutano ya siasa wakati wa kura, popote palipokuwa na jenereta na soda. Gitaa yake ni ya Kijapani, jina la kampuni lilishafutika. Si ya bei. Kwa benga mkono wa kulia haupumziki, unadonoa nyuzi haraka kama nyatiti, na mkono wa mbele unalala juu ya ubao usiku mzima. Pale mkono wake ulipolala, rangi nyekundu ilikuwa imeisha, imebaki mbao ya kahawia inayong'aa kama mpini wa jembe la zamani.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa naanza kutengeneza kontenti na video za kufufua vitu zilikuwa zinapendwa sana. Viatu, pasi za makaa, chochote. Nikamwomba gitaa. Akanipa bila swali, akasema tu swichi inakwaruza sauti. Swichi! Hicho tu ndicho alitaka. Mimi nikanunua msasa na vanishi, nikaweka simu kwa kisimamo, nikapiga msasa gitaa nzima mpaka mbao ikawa mpya. Ile sehemu ya mkono nilianza nayo kabisa, kwa sababu ndiyo ilionekana mbaya kwa kamera. Nikaipaka nyekundu, vanishi juu mara nne. Iling'aa kama pikipiki ya shoo rumu. Video ilifanya vizuri, siwezi kudanganya. Ndiyo iliniletea wafuasi wa kwanza wengi, na baadhi yenu mlikuja hapo.

Nilipofungua shingo wakati wa ile kazi niliona alama za penseli ndani. Tarakimu mbili na herufi moja ya Kijapani nisiyoweza kusoma. Sikupiga msasa hapo, si kwa heshima, ni vile haingeonekana kwa video. Wakati huo nilikuwa sijawahi kusikia jina la Tadeo Gomez.

Nikampelekea mjomba, simu ikirekodi ili nipate uso wake. Aliitazama muda. Akasema, "Umefanya kazi, kijana." Akaiweka mapajani, akalaza mkono pale pake. Akauinua. Akaulaza tena.

"Inanata," akasema.

Vanishi mpya, na joto la kule, ngozi inashikwa. Hiyo sehemu niliikata kwa video. Mama ndiye aliniambia baadaye kwamba lile doa lilikuwa na miaka kama ishirini ya Jumamosi ndani yake, na kwamba mjomba hangesema chochote kwa sababu nilikuwa nimetoka chuo na nyumbani walikuwa wanaogopa kunivunja moyo kwa kitu chochote nilichokuwa nimeshika.

Kwa hivyo nikiona kiwanda cha California kikilipa mtu akwaruze gitaa mpya ili ifanane na ya Rory, sicheki kama wengine. Wanajaribu kuunda kitu ambacho mimi nilikuwa nacho bure nikakifagia sakafuni kikiwa vumbi jekundu.

Wewe wa komenti ya pili, nimekuandikia pembeni na hujajibu, ndio maana naandika hapa. Usipige msasa. Badilisha nyuzi. Swichi ikikwaruza sauti, nunua dawa ya kusafisha swichi kwa mafundi wa redio, puliza, izungushe mara kumi, imeisha. Waya ukiwa umeng'oka, tia solda. Fungua skrubu nne uangalie kama kuna mtu aliandika kitu, piga picha, funga. Kisha mpe mjomba wako akae nayo, na muulize alipigia wapi, kabla hujauliza itauzwa ngapi.

Wangu bado anapiga. Swichi nilikuja kuitengeneza, ilinichukua dakika tano. Siku hizi akishika gitaa anavaa shati la mikono mirefu, hata kwa lile jua la Homa Bay.