Usiniambie Ninunue

Kila ninaposema najenga redio ya upepo kwa mikono yangu, swali huwa ni lilelile: “Ya nini, na simu unayo?” Anayeuliza huwa msomi, mara nyingi kijana, na simu yake ameishika mkononi. Nimechoka kulijibu kwa upole.

Tuanze na redio yenyewe. Redio ya AM hurusha vitu vitatu: wimbi la kubeba, na kanda mbili za pembeni zenye sauti ileile. Hata sauti ikilijaza wimbi kikamilifu, theluthi mbili za nguvu huishia kwenye wimbi la kubeba, ambalo halisemi neno. Ukanda mmoja ungetosha. Ndiyo maana wanaotaka kufika mbali kwa wati chache hutumia SSB: huliondoa wimbi la kubeba na ukanda mmoja, nguvu ikabaki kwa maneno.

Ukanda huo unaweza kuuchuja kwa fuwele. Ni njia nzuri, na viwanda viliipenda kwa sababu imetulia. Njia nyingine, ambayo Ralph Hartley alipewa hataza yake Marekani mwaka 1928, haichuji. Unatengeneza nakala mbili za sauti zilizopishana nyuzi 90, na nakala mbili za masafa ya redio zilizopishana vivyo hivyo. Unazichanganya jozi kwa jozi, kisha unajumlisha. Ukanda mmoja unaongezeka, mwingine unajifuta.

Nimeichagua hiyo kwa makusudi. Rezista, kapasita, dayodi na waya wa koili unaweza kuvichomoa kwenye redio mbovu kwa fundi wa mtaani. Uelewa hauchomolewi popote. Nyuzi zikikosewa 5 tu, hata nakala zikilingana ukubwa, ukanda usiotakiwa hubaki na takriban sehemu 1 katika 500 ya nguvu ya mwenzake. Zikikosewa 1, hubaki sehemu 1 katika 13,000. Kwa hiyo unapima rezista mojamoja, hadi trigonometria ya sekondari iwe kitu unachokisikia kwa masikio.

“Na simu unayo.” Ninayo, na ndani yake mna ujanja huohuo: ishara husafiri kwa jozi iliyopishana nyuzi 90, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa kwa namba badala ya koili. Anayeijenga redio hii mezani ameanza kuielewa simu yake. Anayemcheka ameishia kuinunulia bando.

Tunajiita kizazi cha kidijitali. Kizazi gani hiki, ambacho kifaa kikifa kinasubiri meli ilete kingine? Tunachora wimbi ubaoni, tunafaulu mtihani, ubao unafutwa na wimbi linaondoka nao. Sipingi kununua. Napinga kununua kuwe jibu letu la kwanza na la mwisho, kisha tushangae kwa nini kila uvumbuzi hutufikia ukiwa ndani ya boksi.

Kwa hiyo usiniambie ninunue. Kachukue leseni kwanza, maana mawimbi si shamba la bibi. Ukishaipata, niite mjinga ukitaka, lakini niitie kwenye mita 40, kwa redio uliyoichomelea mwenyewe.