Kalala Diani kwa Bei Chee, Kwani Kosa Liko Wapi?

Kuna dada mmoja wa mjini, jina tunamhifadhia, ambaye wafuasi wake wakikusanywa watajaza Kasarani na wengine wabaki nje ya geti. Majuzi alitutesa kwa picha za Diani. Leso kiunoni, dafu mkononi, miguu ndani ya bwawa, na chini yake maneno mawili: Mungu mkubwa. Basi mashabiki wakaanza ile kazi yao. Nani amelipa? Wengine wakamtaja mheshimiwa fulani, wengine wakasema ni yule jamaa wa magari ya Japani, na kuna aliyeapa kuwa ameona kiatu cha mwanamume chini ya kitanda.

Mimi niliitazama picha ya tatu nikacheka peke yangu. Nyuma yake bahari ilikuwa ya kijivu, inachafuka kwa kusi, mwani umetapakaa mchangani, na vitanda vya kuotea jua vyote vitupu. Mtoto wa Pwani hahitaji kuambiwa. Huo ni msimu wa mvua, hoteli zinalia, na chumba ambacho Desemba hukigusi kinatafuta mtu wa kukilalia. Nikajisemea, huyu yuko kwenye ofa. Tena ofa ninayoijua vizuri, maana nami ilishawahi kunila.

Haikupita siku mbili, mtu mwenye roho ya korosho akaanika mwaliko wenyewe mtandaoni. Siku tatu, usiku wawili, watu wawili, kwa pesa ambazo kwa kawaida hazilipi hata usiku mmoja, kwa sharti la kuhudhuria kikao cha dakika 90. Wee! Dada wa watu akaliwa mzimamzima. Kumbe ni wa ofa! Kumbe anaringia chumba cha kuonja! Kuna mchekeshaji mmoja alitengeneza video tatu nzima za kumcheka, akivaa leso na kushika dafu la plastiki.

Nataka kumtetea dada huyu, halafu nimlaumu, ila kwa jambo ambalo sijaona likisemwa.

Kwa ambaye hajawahi kupigiwa ile simu, mambo huwa hivi. Ulijaza fomu ya bahati nasibu pale kwenye duka kubwa, ukasahau. Miezi baadaye sauti laini inakuambia umechaguliwa. Swali la kwanza si jina lako. Ni kama umeoa au umeolewa, na kama mwenzako atakuja nawe. Ukisema uko peke yako, sauti inapoa. Wanataka wawili, wenye kazi, wenye vitambulisho. Wanachouza wanakiita taimushea, au klabu ya likizo, au pointi, jina hubadilika kila mwaka: unalipa donge kubwa sasa, ili upate haki ya kulala hotelini wiki moja kila mwaka kwa miaka mingi ijayo. Biashara yenyewe si ya jana. Ilianzia Ulaya miaka ya 1960 kwenye hoteli za milima ya Alps, ikavuka hadi Marekani ikanenepa kule Florida, na kwenye ufuo wetu imo siku nyingi. Chumba cha bei chee ni chambo. Sijatukana, hata wao wanajua.

Na kula chambo si dhambi. Samaki mjanja hukila akaacha ndoana. Hoteli imekuita mwenyewe, imetaja bei mwenyewe, imesema unachotakiwa kufanya ni kukaa na kusikiliza. Ukikaa ukasikiliza, deni lenu limekwisha. Mtu anayemcheka dada kwa kulipa kidogo, yeye anapolipa bei kamili anamkomoa nani?

Ila sasa kusikiliza kwenyewe ndiko kuna kazi.

Sisi tulienda mwaka juzi, mimi na baba watoto. Tulilipa elfu kumi na mbili za kuhifadhi chumba, tukapanda SGR mpaka Miritini, feri ya Likoni, kisha Ukunda, kisha tuktuk mpaka getini. Mimi nimezaliwa Likoni. Nililipa pesa nikatazame bahari ambayo nilikuwa naogea bure, hilo mnaweza kunicheka. Siku ya kwanza, raha. Siku ya pili, pweza wa nazi na mbega wanatuchungulia kutoka kwenye mti. Wahenga wetu walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya tatu tukapewa jembe letu.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mochari. Meza ndogondogo za duara, kila meza mume na mke na kijana mmoja wa kampuni. Wetu alikuwa Mswahili haswa, ulimi wa asali. Akaniuliza, dada wewe ni wa wapi? Likoni. Likoni sehemu gani? Dakika tano hazijaisha, tumegundua anaswali msikiti mmoja na mjomba wangu. Haya, mtu anayemjua mjomba wako utaanzaje kumwambia hapana? Kabla hajataja bei tayari alikuwa ndugu.

Akachukua karatasi. Akatuuliza kwa mwaka tunatumia ngapi kwa likizo. Mume wangu, kwa kuwa wanaume hawapendi kuonekana wadogo mbele ya watu, akasema laki moja. Laki moja! Likizo yetu siku zote ni kwenda kwa mamangu, samaki tunapewa, tunarudi na nazi kwenye gunia. Kijana akaandika laki moja mara miaka ishirini, akachora mstari, milioni mbili. Akatutazama kwa huruma ya daktari. Hizo mnazitupa, akasema, wakati mngeweza kuwekeza.

Tukapelekwa kuona chumba kingine, si kile tulicholala. Kikubwa, kina jiko na baraza linaloitazama bahari. Tuliporudi mezani bei ikatajwa, tukashtuka. Akaja meneja, bei ikashuka. Tukasita, meneja akanong'ona na simu yake, ikashuka tena, lakini ni leo tu, mkitoka mlangoni imekufa. Meza ya jirani wakasaini. Kengele ikapigwa, watu wakapiga makofi, ikafunguliwa chupa yenye mapovu. Nusu ya ukumbi ikatugeukia sisi tuliokuwa bado tumekaa na karatasi. Hapo kijana akaweka kalamu chini, akamwambia mume wangu kwa upole kabisa: bosi, kwani huyu dada hastahili?

Mume wangu ni mhasibu. Kazini kwake hukataa risiti ya teksi isiyo na muhuri. Alitoa kadi akalipa amana ya elfu tisini, pesa za mkopo wa Sacco tuliokuwa tumeuchukulia ploti ya Mtwapa. Na msinione mimi ndiye niliyeonewa. Sikumzuia. Nilikuwa nimekaa pale kwenye ule ubaridi, kengele inalia, nami nikataka kustahili.

Kwenye treni ya kurudi ndipo tulipousoma mkataba. Kumbe kuna ada ya matunzo kila mwaka, uende usiende, na imeandikwa wazi kwamba inaweza kupanda. Kumbe daraja letu halina Desemba, halina Pasaka. Kumbe kubadilishana ukalale hoteli nyingine kuna malipo yake. Kutoka Voi mpaka Mtito Andei hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na hesabu hii mtu yeyote anaweza kuipiga. Chukua namba za mfano tu: ukinunua uanachama kwa laki sita ukautumia miaka kumi, hiyo ni elfu sitini kwa mwaka. Ongeza ada ya matunzo, tuseme elfu thelathini. Wiki yako moja ni elfu tisini, karibu elfu kumi na tatu kwa usiku, kabla hujala, kabla hujapanda gari, na hapo ni kama hukukosa hata mwaka mmoja. Mwaka ukifukuzwa kazi, au mtoto akilazwa, ada inakuja vilevile. Sasa piga simu hoteli mbili tatu za Diani mwezi wa Mei uulize bei. Usiniamini mimi, uliza.

Aliyetuokoa ni binamu yangu anayesomea sheria. Alituuliza jambo moja tu: nakala ya mkataba mliipata lini? Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji, ile ya 2012, inaitaja mikataba ya aina hii waziwazi, na inamruhusu mnunuzi kuuvunja bila kutoa sababu ndani ya siku 10 tangu apate nakala yake. Sisi tulikuwa siku ya saba. Tukaandika barua, tukaituma kwa barua pepe, na nyingine tukaipeleka wenyewe ofisini kwao tukagongewa muhuri kwenye nakala yetu. Pesa zilirudi baada ya miezi mitatu na simu ambazo sitaki kuzikumbuka. Ukumbini hakuna aliyetutajia hizo siku 10, wala sisi hatukuuliza. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wana siku 14, na sheria yao inakataza muuzaji kupokea hata senti kabla siku hizo hazijaisha, tena inamkataza kuiuza likizo kama uwekezaji. Mimi neno uwekezaji pale Diani nililihesabu mpaka nikachoka.

Sasa turudi kwa dada yetu. Kosa lake halikuwa kulala kwa bei chee. Kosa ni lile alilofanya wiki iliyofuata, wakati nyinyi mko bize na leso na dafu. Aliweka namba ya simu na msimbo, akawaambia wafuasi wake nao wajipe raha, waseme wametumwa naye. Kikao hakukitaja. Kwamba lazima uende na mwenzako, hakutaja. Kwamba msimbo wenye jina lake haukuwekwa pale kwa mapenzi tu, hakutaja. Yeye anajua kilichomo mle ndani, amekaa kwenye ile baridi, ameisikia ile kengele. Halafu anawapeleka vijana waliooana mwaka jana, wana mkopo wa harusi ambao haujaisha, anawaachia mlangoni na tabasamu. Hilo ndilo ningependa aulizwe.

Na nyinyi mnaocheka, yaani mnadhani ile kengele ya ukumbini inapata wapi nguvu? Inazipata kwenu. Mtu aliyezoea kuona mwenzake akichambuliwa mtandaoni kwa kulipa kidogo, akifika kwenye ile meza atasaini laki tano asionekane mtu wa ofa. Kijana wa watu hahitaji hata kusema uongo. Anakaa kimya anakuachia aibu yako ikufanyie kazi. Yule mchekeshaji wa video tatu, nasikia, nasema nasikia tu msininukuu, ana uanachama wa aina hiyohiyo, na tangu mwaka jana anamtafuta wa kumuuzia hampati. Ndiyo maana dafu lake lilikuwa la plastiki.

Mimi simkatazi mtu kwenda. Mkipigiwa, nendeni, muogelee, mle pweza. Lakini lile neno la hapana mlikubaliane nyumbani, kabla ya kupanda gari, kwa sababu pale mezani hamtapewa nafasi ya kunong'onezana. Kadi ziacheni kwa mama. Kijana akiwaambia ni leo tu, mwambieni basi tuandikie hiyo bei tukaisome nyumbani, muone uso wake. Akimjua mjomba wako, mtumie mjomba salamu. Mkimaliza dakika zenu simameni, hata kama bado anaongea. Huo si utovu wa adabu. Adabu mlishailipia pale mlipokaa mkamsikiliza asubuhi nzima badala ya kuwa baharini. Na kama mlishasaini, acheni kulaumiana, tazameni tarehe ya nakala.

Jumanne iliyopita wamepiga tena. Kampuni nyingine, au jina jingine, sijui. Safari hii ni Malindi, usiku watatu, tumechaguliwa. Simu ilikuwa kwenye spika, baba watoto anakunja mashati. Akaniambia bila kuinua kichwa, waulize kama chakula cha usiku kimo.